Mgongo Unaobomoka Polepole: Kifua kikuu cha uti wa mgongo katika Ituri ya dhahabu na vita

Mjini Bunia, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, kuumwa mgongo si habari. Anaumwa mgongo kijana anayebeba magunia sokoni, anaumwa mama anayepanda mlima na mzigo wa kuni, anaumwa mchimbaji aliyeshinda kutwa ndani ya shimo kule Mongbwalu akipokezana udongo na wenzake. Ndiyo maana mgonjwa ambaye maumivu yake hayaponi hata akipumzika, anayeamka usiku akitokwa jasho na nguo zikianza kumpwaya, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa aache kazi nzito. Nyumbani hukandwa kwa maji ya moto, pengine huchanjwa chale na kupakwa dawa. Miezi hupita. Watu hushtuka mguu ukianza kuburutika, au mtu akishindwa kuzuia mkojo, au mama akimwogesha mtoto na kugusa nundu ndogo katikati ya mgongo ambayo mwezi uliopita haikuwapo.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanzia mbali na mgongo. Bakteria huvutwa kwa pumzi, hukaa mapafuni, na baadhi yao husafiri ndani ya damu mpaka kwenye mifupa. Hupenda sehemu ya mbele ya pingili, karibu na ule mto laini unaotenganisha pingili moja na nyingine, hasa mgongoni kati na kiunoni. Hapo hula mfupa taratibu. Pingili mbili jirani zikiliwa upande wa mbele, mgongo huinama kuelekea mbele na kibiongo hutokeza nyuma. Usaha hukusanyika bila joto wala wekundu, kwa hiyo madaktari huuita jipu baridi. Unaweza kuteremka ndani ya msuli wa kiuno mpaka ukatokeza kwenye kinena, na mgonjwa akadhani ana ngiri. Usaha huo huo, au mfupa uliobomoka, ukiubana uti wenyewe, miguu hupooza. Kati ya wagonjwa wote wa kifua kikuu, wenye ugonjwa wa mifupa ni wachache, asilimia chache tu, na takriban nusu yao huugua uti wa mgongo.

Watu wengi wenye kinga imara hukaa na bakteria hao maisha yao yote bila kuugua. Kwa kila kumi walioambukizwa, mmoja hivi ndiye huugua katika uhai wake wote. Kwa mwenye virusi vya Sida asiyepata dawa, hatari inayokaribia hiyo huja kila mwaka. Tofauti kati ya watu hawa wawili ndiyo inayonishughulisha. Vitabu vya tiba huzungumza juu ya "kinga iliyodhoofika" kana kwamba ni hali ya hewa. Mkoani Ituri kinga imekuwa ikidhoofishwa, na kwa sehemu kubwa tunaweza kutaja nani aliidhoofisha na mwaka gani.

Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko mipaka yoyote. Kuhani wa Amuni aitwaye Nesperehan, aliyezikwa Misri karibu miaka 3,000 iliyopita, alikutwa na mgongo uliovunjika kwa mbele pamoja na alama za jipu kubwa kiunoni. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1910. Wagiriki wa zama za Hippocrates waliandika juu ya vibiongo vinavyoambatana na ugonjwa wa mapafu. Watafiti wa vinasaba, ingawa wanabishana juu ya umri wa bakteria, wengi wao wanakubaliana kwamba asili yake ni Afrika. Kwa hiyo dhana ya zamani ya madaktari wa kikoloni, kwamba Mwafrika alikuwa "udongo mpya" ambao haujawahi kuonja kifua kikuu, haisimami vizuri. Iliwafaa walioisema, kwani iliweka lawama kwenye damu ya mfanyakazi na kuiondoa kwenye kambi aliyolazwa.

Jina ambalo madaktari wa Kongo huandika hadi leo kwenye karatasi za wagonjwa, mal de Pott, linatokana na Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Mwaka 1779 alichapisha kitabu kidogo juu ya kupooza kwa miguu kunakofuatana na kupinda kwa mgongo. Alikwisha kuona kwamba mgonjwa hapoozi kwa sababu mfupa umemtoka mahali pake kama kiungo kilichoteguka. Mfupa wenyewe ni mgonjwa. Hakujua bakteria, na tiba yake ilikuwa kuchoma ngozi kando ya kibiongo ili usaha utoke. Mshairi Alexander Pope, aliyekufa mwaka 1744, alikuwa ameishi na mgongo wa namna hiyo tangu utotoni na hakufika hata futi tano kwa urefu.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba ameiona bakteria yenyewe. Huyo Koch alikuja kwetu. Mwaka 1906 alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, kwenye ziwa Victoria upande wa Uganda. Hakuja kwa ajili ya kifua kikuu. Malale ilikuwa ikimaliza watu kando ya ziwa, na yeye alikuwa akijaribu dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl, ambayo iliwapofusha baadhi ya waliodungwa. Wabelgiji nao, kaskazini mwa Kongo upande wa Uele, walijenga lazareti za malale na kuwafungia watu humo. Kwa serikali za kikoloni malale ilionekana kwa sababu ilifuta vijiji vizima, na pamoja navyo kodi na wapagazi. Kifua kikuu kiliua mmoja mmoja, kwa miaka, na mgongo uliopinda haukumfanya mtu yeyote aandike ripoti.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1903 mtafuta madini kutoka Australia aliiona katika maji ya eneo la Kilo, kaskazini-magharibi mwa mahali ambapo Bunia ilikuja kukua. Machimbo ya Kilo na yale ya Moto yalipounganishwa, na mwaka 1926 kuwa kampuni ya SOKIMO, wilaya nzima iligeuzwa kuwa ghala la mgodi. Machifu waliamriwa kutoa vijana wa kuchimba, vijiji viliamriwa kutoa chakula cha kuwalisha, na mizigo ilibebwa kichwani kabla barabara ya malori haijafika kwenye ziwa Albert. Makumi ya maelfu ya wanaume walipita katika kambi hizo.

Tukiangalia kwa jicho la kinga ya mwili, kambi ya mgodi ilikuwa na kila kitu ambacho bakteria angekiomba. Watu walilala wamebanana. Vumbi la mawe yenye silika liliingia mapafuni na kuwalemaza walinzi wa kwanza wa mwili, zile seli zinazopaswa kumeza bakteria. Mambo hayo yameandikwa kwa kirefu kuhusu migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vumbi na kifua kikuu vilikwenda pamoja kwa zaidi ya karne nzima, na mwili wa mchimbaji wa Kilo haukuumbwa tofauti. Huko kijijini, shamba lililotoa muhogo na maharagwe kwa ajili ya mgodi liliwaachia watoto wa mwenye shamba kidogo zaidi. Mtoto asiyeshiba hana protini ya kujengea askari wa mwili. Na mchimbaji aliyechoka alirudishwa kwao akiwa na kikohozi, akalala chumba kimoja na watoto hao. Hivyo ndivyo mgodi ulivyoweza kumvunja mgongo msichana ambaye hakuwahi kuona shimo.

Matibabu yaliyokuwapo duniani wakati huo yalikuwa ya wenye muda na pesa. Berck, kwenye pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, ilijaa wagonjwa waliolazwa chali kwenye vitanda vya magurudumu wakivuta hewa ya bahari. Kule Leysin, milimani Uswisi, Auguste Rollier aliwaanika juani tangu 1903. Mwaka 1911, Russell Hibbs na Fred Albee wa New York, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunganisha pingili kwa upasuaji ili mgongo usiendelee kupinda. Upande wetu, hospitali ya Mengo mjini Kampala ilipata mashine ya X-ray mwaka 1907. Tanganyika ilikuwa na Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa wagonjwa wa kifua kikuu. Kusini mwa Bunia, kule Oicha, Mmarekani Carl Becker alifanya kazi tangu miaka ya 1930, akijulikana zaidi kwa kijiji chake kikubwa cha wakoma. Ukoma na kifua kikuu ni ndugu wa ukoo mmoja wa bakteria, na serikali ya Kongo iliendelea kuyaweka magonjwa haya mawili chini ya uratibu mmoja katika mikoa.

Halafu zikaja dawa, na kwa mara moja Afrika Mashariki ikawa katikati ya hadithi badala ya pembeni. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, kwa mkono wa mwanafunzi wake Albert Schatz. Isoniazid ilifuata mwaka 1952. Tatizo lilikuwa bei. Majaribio makubwa yaliyofanywa Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalionyesha kwamba isoniazid ikichanganywa na thiacetazone, dawa ya bei ya chini kabisa, inaponya wagonjwa wengi. Kidonge hicho kilisambaa Afrika nzima. Miaka ya 1970 majaribio mengine ya kanda hii, yakiwa na rifampicin, yalisaidia kufupisha tiba ya mapafu kutoka mwaka na nusu hadi miezi sita.

Kwa mgongo, jibu lilipatikana kwenye majaribio yaliyofanyika Korea, Hong Kong na Bulawayo. Hong Kong walikuwa na wapasuaji hodari waliofungua kifua, wakaondoa mfupa uliooza na kupandikiza mwingine, na matokeo yao yalikuwa mazuri. Lakini swali lililowahusu maskini lilikuwa jingine: je, mgonjwa alazwe miezi sita? Afungwe plasta kuanzia kwapani hadi nyonga? Matokeo yaliyochapishwa tangu mwaka 1973 yalisema kwamba aliyemeza dawa zake huku akitembea na kuendelea na maisha yake alipona sawa na yule aliyelazwa, na plasta haikuongeza kitu. Sijui matokeo mengine ya utafiti ambayo yangeweza kuifaa Ituri zaidi ya hayo. Ugonjwa ambao Ulaya ulihitaji pwani, mlima na miaka ya kulala, sasa ungeweza kutibiwa nyumbani kwa vidonge, mradi ugunduliwe mapema na vidonge visikatike.

Hospitali ya kuufanyia kazi ujuzi huo ilikuwapo. Baada ya uasi wa Simba wa 1964, wamisionari wa makanisa mbalimbali na wenzao Wakongo waliungana kujenga kituo kikubwa cha tiba huko Nyankunde, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Bunia. Becker alihamia huko kutoka Oicha. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekuwa ameshikwa mateka na waasi, alirudi mwaka 1966 na kufundisha wauguzi hapo hadi 1973. Ndege ndogo ziliwachukua madaktari kwenda vituo vya msituni. Kwa mgonjwa aliyepooza miguu kutoka mashariki yote ya Kongo, Nyankunde ilikuwa anwani.

Virusi vya Sida (HIV) vilikuja kimya kimya. Damu iliyochotwa Kinshasa mwaka 1959, na kupimwa miongo kadhaa baadaye, ilikuwa tayari na HIV. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wavuvi na wachuuzi wa Rakai walikuwa wakikonda na kufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1985 madaktari waliueleza ugonjwa huo kwenye jarida la Lancet. Mjini Kinshasa, mradi uitwao Projet SIDA, ulioanzishwa mwaka 1984 chini ya Jonathan Mann, ulipima wagonjwa wa kifua kikuu na kukuta takriban theluthi moja wana virusi. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza duniani kwamba magonjwa haya mawili yamefunga ndoa. Mwaka 1991 wanajeshi wasiolipwa walipora Kinshasa, wageni wakakimbia, na mradi ukafa wakati ulipohitajika kuliko wakati wowote.

HIV huua seli za CD4, wale maofisa wanaowaamuru askari wengine wa mwili kumzingira bakteria. Zikipungua, ngome iliyomfungia bakteria kwa miaka hubomoka, na ugonjwa huchipuka hata nje ya mapafu: kwenye tezi, kwenye ubongo, kwenye pingili. Makohozi hayaonyeshi kitu. Picha ya X-ray ya mgongo nayo huchelewa, maana sehemu kubwa ya mfupa lazima iwe imeliwa kabla jicho halijaona pengo. Madaktari wa Afrika Kusini wameandika kwamba kwa wenye HIV majipu huwa makubwa zaidi ilhali mfupa mara nyingine umeharibika kidogo, jambo linaloonyesha kuwa sehemu ya uharibifu wa kawaida huletwa na kinga yenyewe inapopigana. Kuna pia kinyume chake: mgonjwa akianza dawa za kupunguza makali ya virusi, kinga hufufuka kwa ghadhabu, uvimbe huongezeka, na mtu aliyeingia kliniki akitembea anaweza kudhoofika miguu wiki chache baadaye. Jirani zake watasema dawa ndiyo iliyompoozesha. Hapo panahitajika mganga mwenye subira na maneno mazuri, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe.

Thiacetazone, fahari ya majaribio yetu, iligeuka kuwa sumu. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walionyesha kwamba kwa wenye HIV ilisababisha athari kali za ngozi, wengine wakibambuka kama walioungua moto na kufa. Dawa iliyoifanya tiba kuwa ya maskini ikabidi iachwe, na mbadala wake ulikuwa ghali zaidi. Hata leo dawa hizi hazikai pamoja kwa amani: rifampicin hulifanya ini kumaliza haraka dolutegravir, dawa ya HIV, kwa hiyo mgonjwa wa magonjwa yote mawili humeza dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya moja. Asipoambiwa, virusi hupata mwanya.

Vita vya Ituri vilivyolipuka mwaka 1999 vilikutana na mwili uliokwisha kudhoofishwa hivyo. Kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu vilichukua maisha ya zaidi ya watu 50,000 ndani ya miaka michache. Majeshi ya nchi jirani na vikundi vya wenyeji vilipokezana mji wa Bunia, na ubakaji ulitumika kama silaha, jambo ambalo mahakama ya The Hague ilikuja kulithibitisha katika hukumu ya Bosco Ntaganda, mmoja wa makamanda wa vita hivyo, mwaka 2019. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliingia Nyankunde. Watu waliuawa hata vitandani mwao hospitalini, mauaji yakaendelea kwa siku kadhaa, na waliosalia walitembea kwa miguu kuelekea Oicha. Hospitali iliporwa. Mtu mwenye kidonda mkononi aliweza kukimbia; aliyepooza miguu hakuweza. Mwezi Mei 2003 Bunia yenyewe iliwaka, na Madaktari Wasio na Mipaka wakafungua hospitali katika jengo la duka lililoitwa Bon Marché. Walitibu risasi na mapanga. Kwa ugonjwa unaohitaji mwaka mzima wa vidonge, vita hufanya kazi kubwa zaidi kwa kukata mwezi wa tatu na wa nne kuliko kwa bunduki.

Nyankunde ilifufuliwa baadaye. Lakini tangu mwisho wa 2017 mapigano yalirudi, watu kwa mamia ya maelfu wakakimbilia kambi za Bunia na Djugu. Ebola ilipofika Ituri mwaka 2018, wengi waliogopa kukanyaga hospitali. Mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto, na kwa waliopona ilifuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga yao. Mwezi Februari 2022 kambi ya Plaine Savo ilivamiwa na watu wapatao 60 wakauawa, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia mara moja au mbili. Kwa hiyo mtoto wa kambini anaweza kuwa hana HIV kabisa na bado awe na kinga ya mgonjwa wa Sida, kwa njaa, kwa surua na kwa kulala watu wanane chini ya turubai moja. Mtoto ndiye hupata kibiongo kibaya zaidi, kwa sababu mgongo wake uliolemaa huendelea kupinda kadiri anavyokua, hata baada ya bakteria kufa.

Kuna jambo moja katika historia ya tiba ambalo halisemwi sana. Mkakati uliotawala dunia tangu miaka ya 1990, uliokuzwa na Karel Styblo nchini Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, uliwatanguliza wagonjwa ambao makohozi yao yana bakteria, kwa kuwa hao ndio wanaoambukiza. Ilikuwa hesabu ya busara, na iliokoa mamilioni. Lakini mgonjwa wa uti wa mgongo mara nyingi haambukizi mtu. Katika hesabu hiyo alikuwa wa mwisho, na HIV ilipoongeza idadi ya wagonjwa wa namna yake, mfumo ulikuwa umekwisha kujengwa bila yeye. Kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010 na kukipanua mwaka 2013 kwa ugonjwa wa nje ya mapafu, kinahitaji usaha au kipande cha mfupa, na si kila kituo kina mtu wa kuingiza sindano mgongoni. Kwa wenye HIV waliozidiwa kuna kipimo cha mkojo, TB-LAM, kilichopendekezwa tangu 2015, chepesi kama kipimo cha mimba. Kwa kawaida, hata hivyo, daktari wa wilaya huamua kwa kuangalia nundu, kusoma picha ya X-ray, kupima HIV na kuuliza nani anakohoa nyumbani. Kisha huanza dawa. Naona hana haja ya kuona haya: akisubiri uhakika wa maabara, miguu haitamsubiri.

Dawa zenyewe hutolewa bure na mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, kwa miezi tisa hadi mwaka kwa wagonjwa wengi wa mgongo. Gharama iko kwingine: pikipiki ya kumbeba mtu asiyeweza kukaa wima, picha ya X-ray ya kulipia, chakula cha kumezea vidonge vinne vya rangi ya matofali asubuhi bila kutapika. Kama mtu angenipa fungu dogo la pesa kwa ajili ya ugonjwa huu mkoani Ituri, singeanza na chumba cha upasuaji. Ningelipia X-ray kwa kila mwenye HIV na kila mtoto aliyeumwa mgongo zaidi ya majuma manne, kisha unga, maharagwe na nauli kuanzia mwezi wa tatu, pale maumivu yanapoisha na mgonjwa anapodhani amepona.